Saratani ya mlango wa kizazi: tusiliangushe neno "mlango"

Kuanzia soko la Kibuye hadi kwenye mabenchi ya kliniki za Kisumu, watu husema "kansa ya kizazi" wakimaanisha saratani ya mlango wa kizazi. Neno moja limeangushwa njiani, nalo ndilo lililobeba maana.

Kwa ufupi, ni saratani inayoota mlangoni mwa kizazi, karibu kila mara kwa sababu ya virusi vya HPV vinavyoenezwa kwa kujamiiana. Aina mbili za virusi hivyo, 16 na 18, huleta takriban asilimia 70 ya saratani hizi.

Sasa huo mlango. Jina la Kilatini lina maana ya shingo, ndiyo sababu wengine huandika "shingo ya kizazi": kibuyu kilichoinamishwa, shingo ikitazama chini. Lakini "mlango" linafaa zaidi, kwa sababu ugonjwa huanzia kizingitini. Hapo seli laini za ndani hukutana na seli ngumu za ukeni, na pale zinapobadilika ndipo virusi hupata makao. Kizingiti hicho huonekana kwa macho. Mhudumu huweka spekulamu (kifaa cha kupanua uke ili aone ndani), hupaka siki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri dakika moja, kisha hutazama kama pametokea weupe, dalili ya seli zinazoelekea kuharibika. Kizazi chenyewe kimefichika ndani, hakipimwi hivyo.

Ukisema "kizazi" tu, mtu huenda kupigwa picha ya tumbo, yaani altrasaundi, akaambiwa kizazi ni safi, akarudi nyumbani akijua amepimwa. Hajapimwa. Altrasaundi haioni seli zilizoanza kubadilika. Naye aliyetolewa kizazi kwa sababu ya faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) hudhani yamekwisha, kumbe huenda mlango uliachwa, na bado unahitaji kupimwa.

Kibaya zaidi, kizazi pia ni ukoo, kutoka babu hadi mjukuu. Msikilizaji husikia ugonjwa wa kurithi: "kwetu hakuna." Hauji kwa ukoo, huja kwa virusi, na karibu kila anayejamiiana hukutana navyo. Mara nyingi mwili huvifukuza ndani ya miaka 2. Vikikwama, huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani, au 5 hadi 10 kwa mwenye VVU asiyetumia dawa. (VVU na HPV ni virusi tofauti kabisa, kupatikana na kimoja si kupatikana na kingine.) Miaka hiyo yote, doa dogo hutibika kliniki kwa kugandishwa au kuchomwa, na kizazi kikabaki mahali pake.

Kwa hiyo ukifika dirishani sema, "Sista, nimekuja kupimwa mlango wa kizazi." Na mwenzako akikwambia alishapimwa kizazi, muulize kwa upole kama waliweka spekulamu, au walimpaka jeli tumboni tu.