Kizazi kushuka na mkojo kuvuja: je, ni vya kurithi?

Mama kizazi kilimshuka, na dada yangu mkubwa akikohoa mkojo unampita. Na mimi yatanipata?

Uwezekano wako ni mkubwa kuliko wa mwanamke ambaye kwao tatizo hilo halipo. Kwa kizazi kushuka, mwenye mama au dada aliyepatwa yuko hatarini takriban mara mbili na nusu zaidi. Uchunguzi wa mapacha wa Sweden uliotoka mwaka 2008 ulionyesha kwamba vinasaba vinachangia kama asilimia 40, kwa kizazi na kwa mkojo pia. Sehemu kubwa iliyobaki ni uzazi, unene, kazi nzito, kikohozi na choo kigumu. Wala usimtazame mama peke yake. Unarithi na kwa baba, kwa hiyo shangazi zako nao waulizwe, ingawa si jambo linalosemwa barazani.

Hasa kinachorithiwa ni kitu gani?

Ni ubora wa nyuzi. Kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa vimelala juu ya misuli iliyotandwa kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, mithili ya kamba za kitanda. Kwa juu, kano huvishikilia kwenye kuta za nyonga. Kano hupata uimara wake kwa kolajeni na mnyumbuko wake kwa elastini, na vinasaba ndivyo vinavyoamua nyuzi hizo zinasukwaje na zinakarabatiwaje baada ya kujifungua. Panya wa maabara wasio na kinasaba cha LOXL1, kinachosaidia kufunga nyuzi za elastini, wakishazaa viungo vya nyonga huwashuka.

Kwa binadamu hakuna kinasaba kimoja cha kulaumiwa. Ni vingi, kila kimoja kikiongeza kidogo, ndiyo maana hakuna kipimo cha damu cha kukwambia utapata au hutapata. Historia ya ukoo inakufaa zaidi: nani alishuka kizazi, alikuwa na umri gani, alizaa mara ngapi, nani ana ngiri, nani viungo vyake ni vilegevu kiasi kwamba kidole gumba kinalala mpaka kwenye kigasha (kati ya kifundo cha mkono na kiwiko). Mwambie mkunga hayo tangu kliniki ya ujauzito.

Mazoezi ya nyonga yanafanywaje?

Kojoa kwanza, kisha lala chali ukunje magoti. Bana njia ya haja kubwa kana kwamba unazuia upepo, halafu vuta na uke kwenda juu, ndani. Shikilia sekunde 3 au 4, na kadiri wiki zinavyopita ufike 10. Legeza kabisa kwa muda uleule. Rudia mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu bila kukatisha. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema hayafai, na misuli haikui kwa wiki tatu.

Makosa ni yaleyale: kubana makalio na mapaja, kuzuia pumzi, na lililo baya kuliko yote, kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Weka kiganja kwenye msamba, kati ya uke na njia ya haja kubwa. Ukihisi unatokeza, unasukuma. Usifanye mazoezi kwa kukatakata mkojo chooni. Ukishaizoea misuli, ibane *kabla* ya kukohoa, kupiga chafya au kujitwika ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20: chota nusu, nenda mara mbili. Choo kikiwa kigumu, ongeza maji, kisamvu, mchicha, na machungwa ya Muheza uyale na nyama zake, usifyonze maji tu.

Na mkaja, au shabu ya kuweka ukeni?

Kufunga tumbo katika arobaini kunaweza kumpa mzazi nafuu ya mgongo, lakini hakukazi misuli ya chini. Ukikazwa hadi pumzi inabana, unaongeza shinikizo palepale penye jeraha. Shabu hukausha na kuchubua ngozi ya uke, msuli haufikii. Tusimwonee haya somo wala kungwi, aambiwe.

Niende hospitali lini?

Ukihisi uzito ukeni unaozidi jioni na kupungua ukilala, au ukigusa uvimbe, nenda kituo cha afya. Wakikupa rufaa, kwa mkoa wa Tanga ni hospitali ya Bombo. Mkojo ukiuma, upimwe kwanza kwa maambukizi. Ukivuja usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke: usingoje arobaini iishe, kwani tundu dogo likiwahiwa kwa mpira wa mkojo linaweza kuziba bila upasuaji. Mkojo ukigoma kutoka kabisa, nenda siku hiyohiyo.

Si kila aliyeshuka hupasuliwa. Ipo pete ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia kizazi. Ukivishwa, usiondoke kliniki kabla hujatembea, ukachuchumaa, ukakohoa na kukojoa. Ikidondoka ni ndogo. Ikiuma au ikizuia mkojo ni kubwa, ibadilishwe hapohapo.