Uandishi wa tiba ni nini, na kwa nini wagonjwa wanaandikiana mtandaoni

Uandishi wa tiba ni mtu kuandika yale aliyoyapitia, na hasa alivyojisikia wakati anayapitia, ili moyo upate nafuu. Mambo ya herufi kubwa sijui nukta iwekwe wapi achana nayo kabisa, hapa hakuna anayesahihisha.

Kwenye magrupu ya wagonjwa mtandaoni inakuwa hivi. Mtu anaingia mara ya kwanza anaandika mstari mmoja, "leo nimepewa majibu, ni kansa," basi, kimya. Wiki kadhaa zinapita, saa nane usiku usingizi umegoma, anarudi na safari hii anaandika marefu, kwamba daktari alikuwa anaongea yeye macho yote yako kwenye kalamu ya daktari, na alipofika nyumbani aliwaambia watoto vipimo viko sawa kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Hiyo "kwa sababu" ndiyo ya kuishika. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walitoa utafiti wa wanafunzi wa chuo walioandika mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Kwenye kazi zake za baadaye Pennebaker aliona wanaonufaika zaidi ni wale ambao siku zikienda, maneno kama "kwa sababu" na "sasa naelewa" yanazidi. Yaani kurudia uchungu uleule hakutoshi, mambo yaliyokuwa yametawanyika yanaanza kushikana yanakuwa hadithi, na ndani yake yumo mtu, sio namba ya faili.

Je, mwili nao unasikia? Mwaka 1999 watafiti waliwapa wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi waandike mambo magumu waliyoyapitia, dakika 20 kwa siku, siku 3, na baada ya miezi 4 waliopata nafuu walikuwa wengi kuliko kwa wenzao walioandika ratiba zao tu. Tafiti za baadaye zinaonyesha faida ipo ila kwa wastani ni ndogo, kwa hiyo dawa endelea nazo tafadhali.

Ila wale waliandika peke yao. Kwenye grupu kuna anayesoma, na mimi naona hapo ndipo penye uzito, mtu anajibu "hata mimi niliwaficha wangu miezi miwili" na ile aibu inapungua palepale. Ndiyo maana inaniuma mtu akimwaga moyo wake halafu anajibiwa "usijali utapona", maana hapo ni kama umemfunga mdomo. Muulize kilichofuata, watoto walijuaje?

Ujue pia ukimaliza kuandika unaweza kujisikia vibaya zaidi kwa muda, ni kawaida, ila ikizidi siku kadhaa au ukianza kuwaza kujidhuru ongea na mtaalamu. Jina lako na picha za majibu usiweke, kilichoingia mtandaoni kukirudisha ni kazi. Na kama bado hujawa tayari, soma tu, wengi wanakaa miezi wanasoma bila kuandika hata neno.