Je, wajua kwa nini mtoto wa mvuvi anaweza kukosa swali la dagaa?

Juzi nilimpa kifungu kifupi cha habari binti mmoja wa kidato cha sita ninayemfundisha twisheni hapa Mwanga, Kigoma mjini. Anajiandaa kwa SAT, ule mtihani wa Marekani ambao vyuo vya huko vimekuwa vikiutumia kuchagua wanafunzi tangu karne iliyopita. Ulianza mwaka 1926. Baba yake mdogo anavua kutokea mwalo wa Kibirizi, na yeye mwenyewe amekula dagaa tangu hajaota meno. Kifungu kilihusu dagaa. Akakosa.

Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, lakini mtego wake hauchagui lugha, kwa hiyo nilikitunga kwa Kiswahili. Jaribu na wewe.

"Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huvuta vijidudu wanaoliwa na dagaa, na dagaa nao hufuata. Usiku wa giza, taa ya mvuvi ndiyo nuru pekee juu ya maji, hivyo samaki hukusanyika chini yake. Mbaramwezi ikiwaka, nuru hutapakaa ziwa zima na samaki hutawanyika. Wavuvi wachache hutoka hata hivyo, wakarudi na ndoo moja au mbili. Wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu."

Swali: Kwa mujibu wa kifungu, kwa nini mvuvi anayetoka wakati wa mbaramwezi hupata samaki wachache?

A. Nyavu zake huwa bado zinahitaji kushonwa.
B. Taa yake huwa imepoteza upekee.
C. Huo ndio wakati ziwa linapumzishwa ili dagaa wazaliane.
D. Dagaa hawasogelei taa kabisa mwezi ukiwaka.

Binti alichagua C, tena bila kusita. Nikamuuliza kwa nini. "Mwalimu, kwani si kweli? Mwaka 2024 si serikali ilifunga ziwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wazaliane? Tulikula maharage miezi mitatu!"

Ni kweli ziwa lilifungwa, na maharage yalilika. Lakini rudi kwenye kifungu utafute neno moja tu kuhusu kuzaliana. Halipo. Binti hakusoma kifungu changu, alisoma nyumbani kwao.

Sisi tunaotunga mitihani yale majibu matatu yasiyo sahihi tunayaita vipotoshi, na watu wengi hudhani huokotwa tu ili kujaza nafasi. Sivyo. Kipotoshi kizuri huchukua muda mrefu kukitunga kuliko jibu lenyewe, kwa sababu kila kimoja kinamlenga msomaji wa aina yake. C nilimtungia mtu anayelijua ziwa. A nilimtungia mwenye haraka, yule anayekumbuka kwamba aliona "nyavu" na "kushona" mahali fulani akashangilia kukutana nayo tena. D ni ya yule aliyeelewa karibu vyote: dagaa kweli hawajikusanyi, ila neno "kabisa" ndilo linaloiua, maana kifungu kimesema waliotoka walirudi na ndoo moja au mbili. Ndoo hizo zilijazwa na nini?

Sasa tazama B, jibu lenyewe. Neno "upekee" halimo kwenye kifungu. Kilichomo ni "nuru pekee". Mtunzi amelivua jibu sahihi nguo zake na kulivika nyingine, huku vipotoshi akiviacha na sare ya kifungu. Ndiyo maana anayewinda maneno yanayofanana hukosa mara nyingi kuliko anayewinda wazo. Shuleni kwetu tunaambiwa "jibu kwa maneno yako mwenyewe". Kwenye SAT mtunzi ndiye amejibu kwa maneno yake, na kazi yako ni kuitambua maana ileile ndani ya vazi jipya.

Hapa kuna jambo linalonisumbua kidogo, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kujua mambo hakumdhuru msomaji, kwa kawaida humsaidia sana. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 habari kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu waliouelewa mchezo huo walikumbuka na kueleza habari vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Yaani ujuzi wa jambo ulishinda ufundi wa kusoma. Mpe mtoto wa Kigoma habari ya ziwa na mtoto wa Dodoma habari hiyohiyo, wa Kigoma atapita kama mtumbwi kwenye maji matulivu.

Basi imekuwaje binti yangu akakosa? Kwa sababu kuelewa kifungu na kuchagua jibu ni kazi mbili. Unaposoma, ubongo wako hujaza mapengo kwa yale unayoyajua, na hivyo ndivyo unavyoelewa haraka. Ukifika kwenye majibu, kujaza kule hakukomi. Unakuwa umeshasahau lipi lilitoka kwenye karatasi na lipi lilitoka mwaloni. Swali halikuuliza "kipi ni kweli?" Liliuliza "kifungu kimesema nini?" Maneno "kwa mujibu wa kifungu" tumeyaona tangu shule ya msingi mpaka hatuyaoni tena, kama mwanamke wa Ujiji asivyoiona miembe.

Dawa ninayowapa wanafunzi wangu ni ya kizamani na wanaichukia: ziba majibu kwa kiganja. Soma swali, soma kifungu, kisha sema jibu lako kwa sauti ya chini kabla hujaona A wala B. "Kwa sababu mwezi unaishinda taa." Ukishasema hivyo, fungua kiganja utafute lililo karibu na kauli yako. Ukianza na majibu manne, vipotoshi vitatu vinazungumza nawe kabla kifungu hakijapata nafasi. Na kila jibu unalotaka kulichagua, weka kidole kwenye mstari unaolibeba. Kidole kikikosa pa kutua, liache, hata kama lina ukweli wa Msahafu.

Mtu atauliza, muda huo upo? Upo, ingawa ni wa kuhesabu. SAT ya siku hizi hufanywa kwenye kompyuta. Nje ya Marekani ilianza hivyo mwaka 2023 na Marekani kwenyewe mwaka 2024. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yaani kama sekunde 71 kila swali. Zamani ulipewa vifungu virefu, kila kimoja na msururu wa maswali. Sasa kila swali lina kifungu chake cha maneno kati ya 25 na 150. Kwa hiyo ule ubishi wa zamani, tuanze na swali au na kifungu, umepungua makali. Kifungu ni kifupi, anza na swali ujue unatafuta nini.

Maswali hayo yamegawanywa vipande viwili vya maswali 27, na jinsi unavyofanya kipande cha kwanza ndiko kunakoamua ugumu wa kipande cha pili. Ndiyo maana nawakataza kukimbia mwanzoni. Na tangu mwaka 2016 jibu baya halikatwi alama, basi kuacha swali wazi ni kutupa sadaka ziwani. Hata kama hujui, futa mawili unayoyajua kuwa ni vipotoshi, na programu ya mtihani ina kitufe cha kuyakata. Kutoka nafasi moja kati ya nne unabaki na moja kati ya mbili.

Kuna aina moja ya swali ambayo mtoto aliyesoma Kiswahili chetu vizuri anatakiwa aifurahie. Huulizwa neno fulani lina maana gani kama lilivyotumika hapo. Ni ndugu wa damu wa lile swali letu la ufahamu, "eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu". Mtego ni uleule: maana ya kwanza inayokujia huwekwa juu ya meza ikuvutie. "Mzee alimeza hasira yake." Ukikuta jibu linalosema "alikula", jua limewekwa kwa ajili yako. Lifute neno lenyewe kichwani, jaza pengo kwa neno lako, kisha linganisha.

Binti alirudia swali langu akapata B, akaondoka nalo nyumbani kwenda kumpima baba yake mdogo. Kesho yake akaja anacheka. Mzee alisomewa kifungu chote, akasikiliza kwa heshima, akasomewa majibu manne, akayakataa yote. Eti aliyeandika hajawahi kulala ziwani, maana hakutaja upepo popote, na samaki bila kuujua upepo huwezi kuwazungumzia. Nimeuliza wavuvi wengine wawili, wamesema mzee ana hoja. Kwenye SAT angepata sifuri.