Mpaka kati ya polima mbili una upana gani?

Ukiniuliza mpaka kati ya polima mbili zisizochanganyika (polima ni molekuli ndefu kama minyororo, zile zinazounda plastiki) una upana gani, nami nitakuuliza kwanza: utando wako, yaani tabaka jembamba la polima hizo, una unene gani? Wanafunzi wengi hushangaa, maana wamezoea kuuchukulia upana huo kuwa tabia ya polima zenyewe, kama ulivyo msongamano wake.

Chukua polistireni na PMMA, ile plastiki angavu inayotumika badala ya kioo. Hazipatani, ila pale zinapogusana minyororo yake huingiliana kidogo. Kwa nadharia, eneo hilo linapaswa kuwa na upana wa takriban nanomita 3. Vipimo vya nyutroni vikaleta takriban 5, na tofauti hiyo ni kubwa mno kuisingizia vifaa.

Upimaji wenyewe naupenda sana. Polima ya kwanza unaitandaza juu ya kisahani cha silikoni kwa kukizungusha kwa kasi. Ya pili unaitandaza kwenye kioo, unakizamisha taratibu majini mpaka utando ubanduke na kuelea, kisha unauopoa kwa kile kisahani. Moja ya hizo polima hutengenezwa kwa deuteri, yaani hidrojeni nzito, badala ya hidrojeni ya kawaida. Kikemia hubadilika kidogo tu, lakini nyutroni huiona tofauti kabisa. Unapasha moto hadi polima zilegee, halafu unaangalia nyutroni zinavyoakisiwa.

Zile nanomita za ziada zinatokana na joto. Joto huutikisa mpaka bila kukoma, likizusha mawimbi madogo yaitwayo mawimbi ya kapilari, ambayo mwanafizikia Smoluchowski aliyaeleza mwaka 1908 kwa nyuso za vimiminika. Kinachoyazuia ni mvutano wa uso. Kati ya maji na hewa mvutano huo ni milinyutoni 72 kwa mita, kwa hiyo mawimbi ni madogo mno. Kati ya polima hizi mbili ni kama 1 tu, na mpaka hujipinda kwa urahisi. Nyutroni hupima wastani wa eneo kubwa, hivyo kujipinda huko hujitokeza kwenye data kama upana.

Hapa ndipo unene unapoingia. Mpaka uliobanwa kati ya kuta mbili ni kama pazia kwenye ushoroba mwembamba: haliwezi kupepea litakavyo. Nguvu za van der Waals, yaani mivutano dhaifu kati ya molekuli, kutoka kwenye kuta huyazima mawimbi marefu kuliko kikomo fulani, na kikomo hicho hukua kwa kipeo cha pili cha unene wa utando. Ukipiga hesabu, mraba wa upana huongezeka kwa logi ya unene: kutoka nanomita 10 hadi 20 unapata nyongeza ileile ya kutoka 100 hadi 200. Sferrazza na wenzake walilithibitisha hilo mwaka 1997. Mwaka mmoja kabla, Kerle, Klein na Binder walikuwa wameonyesha kwamba katika michanganyiko inayokaribia kupatana, unene wa utando huathiri upana kwa nguvu zaidi.

Kwa anayegundisha plastiki, tofauti hii ina uzito. Uimara wa kiungo hutokana na minyororo kusokotana, na kusokotana hutegemea zile nanomita 3 za mchanganyiko wa kweli. Mawimbi hayaongezi fundo hata moja. Kwa hiyo anayekadiria uimara kwa nanomita 5 za nyutroni atapata kiungo imara kuliko kilivyo, na kosa litazidi kadiri utando unavyonenepa.