Mtangamano wa kikanda maana yake nini?

Kila ninapoanza somo la uhusiano wa kimataifa hapa Mtwara, naandika "mtangamano" ubaoni, halafu naomba mfano. Mkono wa kwanza kunyooshwa huwa wa mtoto wa mpakani. Safari hii alikuwa kijana wa Tandahimba: "Mwalimu, sisi na Msumbiji tulishatangamana zamani. Bibi yangu yuko huku, mdogo wake yuko ng'ambo ya Ruvuma, wote Wamakonde, tunaalikana jandoni na msibani." Darasa likacheka, likakubali.

Kwa Kiswahili cha kila siku hajakosea. Kutangamana ni kuchanganyika, kukaa pamoja. Ila wasomi wa siasa wamelipa neno hili kazi nyembamba zaidi: nchi huru zinakubali kwamba baadhi ya mambo yao yaamuliwe pamoja, kwa kanuni moja, chini ya vyombo ambavyo si mali ya nchi yoyote peke yake. Nikisahihisha mitihani huwa natafuta kitu kimoja tu: nani anapanga? Asiyeligusa hilo, hata ajaze kurasa 4, ameeleza ushirikiano.

Chukua Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, lililofunguliwa mwaka 2010. Tanzania na Msumbiji zilikubaliana, likajengwa, na kila moja ikabaki na forodha yake upande wake. Huo ni ushirikiano, tena mzuri. Sasa shuka bandarini Mtwara, litazame kontena lililotoka China. Ushuru wa forodha atakaotozwa mwenye mzigo haukupangwa Dodoma peke yake. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya zina viwango vya pamoja: kwa kawaida asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kipo cha 35 kwa baadhi. Serikali yetu ikitaka kiwango tofauti, inawaomba wenzake kwanza. (Maombi hayo ni mengi mno, lakini hiyo ni mada ya wiki ya sita.) Mkono umeachia usukani kidogo, na hapo ndipo mtangamano unapoanzia.

Mkataba wa Jumuiya, ambao Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso huko Masasi, aliutia saini kwa niaba ya Tanzania tarehe 30 Novemba 1999, unataja ngazi nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa fedha, mwisho shirikisho la kisiasa. Soko la pamoja lilianza mwaka 2010. Itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa mwaka 2013, sarafu yenyewe bado. Shirikisho ndilo linalopigiwa kelele zaidi na kutembea taratibu zaidi.

Kutokana na hayo tunapata kituko ambacho wanafunzi wangu hawakipendi. Kwa mambo ya forodha, mfanyabiashara wa Mtwara yuko karibu na Juba kuliko Palma, mji wa Msumbiji ulio ng'ambo tu ya Ruvuma. Sudan Kusini imo katika Jumuiya tangu 2016, Msumbiji haimo. Sisi na Msumbiji tunakutana SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambako kuna eneo huru la biashara tangu 2008: wanachama wanapunguziana ushuru, lakini kila nchi inapanga wake kwa mizigo ya nje. Umoja wa forodha wa SADC ulipangwa uwe tayari mwaka 2010 na haukuzaliwa. Hata ungezaliwa, tungelazimika kuchagua, maana nchi haiwezi kutoza viwango vya umoja wa forodha mbili kwa mzigo mmoja.

Lakini uzito wa dhana hii hauonekani kwenye ushuru, unaonekana mahakamani. SADC ilikuwa na mahakama yake mjini Windhoek. Mwaka 2008 iliamua kwamba Zimbabwe ilikosea kuwanyang'anya wakulima wa kizungu mashamba bila fidia. Zimbabwe ikagoma kutii. Mwaka 2010 wakuu wa nchi, badala ya kumbana mwenzao, waliisimamisha mahakama yenyewe. Vyombo vya pamoja vilikuwepo kwenye karatasi, ila kila rais alibaki na ufunguo wake mfukoni.

Nilipofika hapo, yule kijana wa Tandahimba akanyoosha mkono tena. "Na ile mahakama ya Jumuiya yetu, ya Arusha, Mwalimu, nayo wanaweza kuifunga?"

Nikamwambia mwaka 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki iliwazuia wabunge wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Jumuiya, kwa sababu ya namna walivyopatikana. Viongozi wakakasirika. Ndani ya wiki chache wakapitisha marekebisho ya Mkataba: mahakama ikagawanywa kuwa na ngazi ya awali na ya rufaa, na sababu za kumwondoa jaji zikaongezwa. Haikufungwa, mpaka leo inasikiliza kesi. Kwa nini moja ilivunjwa na nyingine ikarekebishwa tu? Nimewapa swali hilo liwe kazi ya wiki mbili, kurasa 5, na nimewakataza kuanza na maneno "mtangamano ni ushirikiano".