Thatcher na kodi: hesabu ambayo wengi hawaifanyi

"Thatcher aliingia 1979, akapunguza kodi, bei zikatulia." Maneno haya kuhusu Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, yanatoka kwa wanafunzi mwaka baada ya mwaka, na yanachosha, maana takwimu zake ziko wazi.

Fungua bajeti ya Juni 1979. Waziri wa Fedha, Geoffrey Howe, alishusha kweli kodi ya mapato: kiwango cha juu kutoka asilimia 83 hadi 60, cha kawaida kutoka 33 hadi 30. Lakini katika bajeti hiyohiyo VAT, kodi ya ongezeko la thamani inayolipwa na mnunuzi, iliyokuwa asilimia 8 kwa bidhaa nyingi zilizotozwa na 12.5 kwa zile zilizohesabiwa za anasa, ikawa 15 kwa zote. Sufuria ya pauni 10 kabla ya kodi ilikuwa ikinunuliwa kwa pauni 10.80, sasa ikawa 11.50. Mwenye mshahara mnono alifidiwa na nafuu ya kodi ya mapato. Mstaafu ambaye kipato chake hakikufikia kutozwa kodi hiyo hakufidiwa chochote.

Juu ya hapo mafuta yalipanda bei baada ya mapinduzi ya Iran, na serikali ikalipa nyongeza za mishahara zilizopendekezwa na tume iliyoundwa na Labour, chama kilichotawala kabla yake, kwa sababu Conservative, chama cha Thatcher, waliahidi hivyo kwenye kampeni. Mfumuko wa bei uliokuwa takriban asilimia 10 ukakaribia 22 Mei 1980.

Ulishuka baadaye, ndiyo, hadi chini ya asilimia 5 mwaka 1983. Ila haukushushwa na kodi ndogo. Riba ilifikishwa asilimia 17 Novemba 1979. Riba hiyo, pamoja na mafuta ya Bahari ya Kaskazini, ikaipandisha thamani ya pauni, viwanda vinavyouza nje vikakosa wateja, na Januari 1982 wasio na kazi wakavuka milioni 3. Tena Machi 1981, uchumi ukiwa umedorora, Howe aliongeza mzigo wa kodi kwa kutogusa kima cha mapato yasiyotozwa, ilhali bei na mishahara vilikuwa vikipanda. Kwa hiyo usihukumu serikali yoyote kwa kiwango kimoja cha kodi. Jumlisha zote, kisha uzilinganishe na pato la taifa.

Kubana matumizi nako hakukuanza naye: Denis Healey, Waziri wa Fedha wa Labour, alikata bajeti 1976, alipokopa dola bilioni 3.9 kutoka IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa.

Kwamba 1975 wabunge wa Conservative walimchagua Thatcher kuwa kiongozi wa chama kwa kupenda soko huria? Wengi walitaka tu kumwondoa kiongozi wao, Edward Heath, aliyeshindwa chaguzi mbili ndani ya 1974. Duru ya kwanza Thatcher alipata kura 130, Heath 119.

Na wanaosema aliibinafsisha reli wanakosea pia: ni serikali ya John Major, aliyemrithi. Thatcher aliuza British Telecom 1984, British Gas 1986, na nyumba za halmashauri kwa wapangaji wake, chini ya sheria ya 1980.