Mdalasini, uwatu na vidonge vya sukari: yasemwayo na yaliyo kweli

Mwambie muuza viungo wa sokoni, pale ubavuni mwa Ngome ya Lamu, kwamba una sukari, na huondoki mikono mitupu. Atakufungia mdalasini, uwatu na habasoda, kisha atakupa maelezo bure. Vitu vyenyewe havinitishi sana. Maelezo ndiyo yenye kasoro.

"Mdalasini unashusha sukari, vidonge vya nini tena?"

Tafiti za mdalasini ni nyingi lakini nyingi ni ndogo, na majibu yake hayapatani: baadhi zilikuta sukari imeshuka kidogo, nyingine hazikukuta kitu. Chama cha Kisukari cha Marekani hakiupendekezi kama tiba. Tena kuna mdalasini na mdalasini. Ule wa kasia, gamba nene na gumu, una kumarini, ambayo ikizidi hudhuru ini. Wa Ceylon una tabaka nyembamba zinazovunjika vidoleni, na kumarini yake ni kidogo mno. Kijiti cha pilau hakina neno. Kijiko cha unga wa kasia kila uchao ni habari nyingine.

"Maji ya uwatu yanatosha"

Uwatu si wa kubeza. Uloweke jioni, asubuhi utakuta mbegu zimevimba na maji yanateleza kama bamia. Utelezi huo ni nyuzinyuzi: huchelewesha sukari ya chakula kuingia damuni, na husaidia kidogo kupunguza kolesteroli. Lakini wengi huchuja, wakanywa maji, na mbegu wakawamwagia kuku. Basi kuku ndio waliopata dawa, maana nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye mbegu. Hata kwa wanaotafuna, tafiti zilizoonyesha nafuu mara nyingi zilitumia gramu 10 na zaidi kwa siku, si chembe mbili tatu.

Utelezi huo huo unaweza kuchelewesha dawa kufyonzwa, kwa hivyo uachanishe uwatu na vidonge kwa saa mbili hivi. Mja mzito asiufanye dawa. Na anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asiongeze uwatu mwingi kimyakimya: sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L), ataona jasho la baridi, mikono ikitetemeka na maneno yakimchanganyikia.

"Ya asili haina kemikali"

Historia ya metformini yenyewe, kidonge cha kisukari cha hospitali, inaanzia kwenye mmea, Galega officinalis, uliotumika Ulaya zamani. Daktari Mfaransa Jean Sterne alitangaza matokeo ya metformini kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Kinachoniogofya ni chupa isiyo na jina la kiwanda. Mwaka 2008 huko Singapore watu zaidi ya 100 walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, na wengine wakafa. Chanzo kilikuwa dawa haramu, nyingi za nguvu za kiume, zilizotiwa glibenklamidi kwa siri. Unga wa miti ukishusha sukari kwa siku mbili kama kidonge, shuku kwamba kidonge kimo ndani.

"Mafuta ya samaki yanasafisha mishipa"

Kwa gramu 2 hadi 4 kwa siku za omega-3, iliyomo katika mafuta hayo, trigliseridi (aina ya mafuta ya damuni) hushuka kweli. Sukari haishuki, wala kolesteroli mbaya. Utafiti wa ASCEND wa Uingereza, uliotolewa 2018, uliwafuata watu 15,480 wenye kisukari kwa miaka 7 hivi. Waliomeza kidonge cha gramu 1 kila siku hawakupungukiwa na mishtuko ya moyo wala viharusi kuliko waliopewa mafuta ya zeituni. Nasi tuko kisiwani, vibua na jodari tunawaona wakishushwa! Mradi tu usimzamishe samaki katika tui zito, kwani mafuta ya nazi hupandisha hiyo kolesteroli mbaya.

"Asali na tende hazina madhara"

Zinapandisha sukari. Zihesabu.

"Najisikia vizuri, nimepona"

Kolesteroli haiumi, na sukari ya 12 unaweza kutembea nayo hadi Shela usijue. Kipimo cha HbA1c ndicho kinachosema hali ya sukari ya miezi 3 iliyopita. Ukienda kliniki, beba na vikaratasi vya sokoni, daktari avione pamoja na vidonge.

Kirutubisho ambacho huenda ukakihitaji kweli hakifungwi sokoni: vitamini B12. Metformini ikitumika miaka mingi huipunguza mwilini, na ganzi ya nyayo inayofuata watu huisingizia sukari. Omba ipimwe.